Ripoti ya doria iandikwe mara moja: shajara ya mradi

Kabla ya kuandika programu

Tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia ripoti za doria za polisi, na nimeanza kwa kuifuata karatasi. Askari akitoka kwenye tukio ana daftari la mfukoni lenye mistari michache aliyoiandika akiwa amesimama: jina la mlalamikaji, saa, namba ya gari, pengine na mchoro mdogo wa barabara. Akirudi kituoni anayanakili hayohayo kwenye kitabu cha matukio. Jalada likifunguliwa, mpelelezi anayaandika upya. Mwisho wa mwezi karani wa takwimu naye anayapekua ajaze jedwali lake. Habari moja, mikono minne, na katika kila mkono kitu kinadondoka. Tarakimu za namba ya gari zinapishana, "saa tatu kasoro" inakuwa "saa tatu", jina la shahidi wa pili halifiki kabisa.

Wakuu walioagiza mradi wanataka kasi: ripoti ifike makao makuu kabla askari hajarudi kituoni. Sina ugomvi na kasi. Ila ripoti ya doria huandikwa na mtu aliyechoka, husomwa miezi mingi baadaye mahakamani na wakili aliyelala vizuri, na huyo wakili ndiye msomaji ninayemfikiria kila nikifungua kompyuta. Kwa hiyo nimeweka sharti moja juu ya waraka wa mradi: habari iandikwe mara moja, mahali pa tukio, na kila anayeihitaji aisome palepale ilipo bila kuinakili.

Koplo tuliyepangiwa kufanya naye kazi aliusoma waraka wote kimya, kisha akasema, "Mtaalamu, simu ikija na kunakili kukabaki, mtakuwa mmetuongezea kazi." Nimeliingiza hilo kama kigezo cha kufeli, kwa maneno yake.

Simu zilikwishaingia kazini

Askari hawakutusubiri. Kila zamu ina kundi lake la WhatsApp, na picha za ajali, za milango iliyovunjwa, hata za vitambulisho vya watu, zinazunguka humo kati ya simu binafsi. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba inafanya kazi. Inafunguka haraka, inatuma yenyewe mtandao ukirudi, na mkuu wa zamu anaona hapohapo. Nawapa haki yao. Programu yetu ikiwa nzito kuliko hiyo, hakuna atakayeifungua.

Shida inaanza pale picha inapotakiwa kuwa kielelezo. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa ipungue ukubwa na data zake za EXIF zinaondolewa, yaani saa, aina ya kamera na mahali ilipopigwa. Inabaki picha isiyo na kwao. Aliyeipiga ni nani? Kwa simu ipi? Imepita mikononi mwa nani hadi kufika hapa? Mwanasheria wetu aliikuza mbele yangu picha ya bamba la gari mpaka ikabaki miraba mitupu, akaniuliza hiyo herufi ya mwisho ni ipi. Tuliokuwa mezani tukatoa majibu matatu.

Basi tumekubaliana: picha zinapigwa ndani ya programu, faili la awali haliguswi, na papo hapo simu inalikokotolea alama ya SHA-256. Ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64, na ukibadilisha hata doa moja la picha unapata mfuatano mwingine kabisa. Alama hiyo ndiyo inayotangulia kwenda kwenye seva, kwa kuwa ni nyepesi na inapita hata kwenye mtandao dhaifu. Picha yenyewe inafuata ikipata nafasi. Hata ikichelewa hadi asubuhi, kuna ushahidi kwamba ndiyo ileile iliyopigwa usiku.

Fomu

Rasimu ya fomu kutoka idara ya takwimu ina kila kitu ambacho mtu wa ofisini angependa kujua, hadi kiwango cha elimu cha mlalamikaji. Kila kisanduku kina gharama, na anayeilipa ni mtu aliyesimama barabarani ameinamisha kichwa huku mgongo wake ukiwa wazi. Nimekataa visanduku vingi. Nilitegemea ugomvi, nilichopata ni barua ndefu yenye nakala kwa watu wengi.

Skrini ya kwanza sasa ina kitufe kimoja kikubwa: NIMEFIKA. Askari anakigusa, simu inashika saa na mahali, kisha inarudi mfukoni. Hadi hali itulie, hatudai kitu kingine. Maelezo marefu anayaandika akishaketi, kwenye gari au kwenye benchi, na fomu inatofautisha wazi kati ya saa ya kufika, saa ya kuandika na saa ambayo seva ilipokea. Saa hizi tatu zilikuwa zinachanganywa kwenye kitabu cha matukio, na ni mwanya ambao wakili yeyote wa utetezi anaujua. Zote zinahifadhiwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na kuonyeshwa kwa saa za mahali. Zaidi ya hapo programu inafuata kaunta ya ndani inayohesabu tangu simu ilipowashwa, kwa sababu saa inayoonekana kwenye kioo cha simu mtu anaweza kuirudisha nyuma kwa kidole.

Ubishi mrefu umekuwa juu ya aina ya kosa. Takwimu walitaka kosa moja kwa tukio moja, hesabu zisijirudie. Lakini mtu kavunja nyumba, kampiga mwenye nyumba, kaondoka na pikipiki. Uchague lipi? Niliwaletea mfano wa Marekani. Tangu 1930 FBI, shirika lao la upelelezi, ilikusanya takwimu za uhalifu kwa utaratibu ambao tukio lenye makosa kadhaa lilihesabiwa kwa lile zito kuliko yote, mengine yakapotea. Mfumo uliofuata, NIBRS, unaruhusu hadi makosa 10 kwa tukio moja, na Januari 2021 FBI ilihamia rasmi kwenye mfumo huo. Sisi tunaanza na makosa mengi kwa tukio. Askari anayataja yote aliyoyaona, na kuchambua lipi lihesabiwe vipi ni kazi ya kompyuta ya makao makuu, si ya mtu mwenye tochi mdomoni.

Namba ya tukio

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kitabu cha matukio kinatoa namba kwa mfuatano: ukurasa unafuata ukurasa, na pengo linaonekana kwa macho. Mlalamikaji anaondoka na namba yake kwenye kipande cha karatasi, na ndiyo atakayoitumia kwa watu wa bima, hospitalini, na kila akirudi kuuliza kesi imefika wapi. Sasa simu mbili zikiwa nje ya mtandao kwa wakati mmoja, ipi itoe 238? Zikisubiri seva, mlalamikaji anaondoka mikono mitupu. Zikijitolea zenyewe, kuna siku watu wawili watakuja kaunta na namba moja.

Tulivyoamua ni hivi. Kila simu ina namba yake fupi na mfuatano wake yenyewe. Simu ya 14 ikiandikisha tukio lake la 237, namba ni 14-0237, hata kama simu haijaona mtandao tangu asubuhi. Mfuatano ukiruka, seva inajua ni simu ipi na inauliza ripoti iliyokosekana iko wapi, kwa hiyo lile pengo linaloonekana kwa macho hatujalipoteza. Herufi tumeziacha kabisa: kwenye simu ya upepo B, D na P ni herufi moja.

Mwishoni tumeongeza tarakimu ya ukaguzi, kwa hesabu ya Hans Peter Luhn, ileile inayokagua namba za kadi za benki. Namba inakuwa 14-0237-9. Mtu akisoma kwa haraka "14-0327-9", kompyuta ya kaunta inakataa palepale, kwa kuwa 0327 ingehitaji kuishia na 8. Hesabu hiyo inagundua tarakimu yoyote moja iliyokosewa, na karibu kila pale mbili jirani zinapopishana. Inayopita bila kuonekana ni 09 ikigeuka 90 au kinyume chake. Sajenti wa kaunta alijaribu kuidanganya hadi chai yake ikapoa. Alipoipata ile ya 09, akafurahi kuliko mtu yeyote niliyemwona kwenye mradi huu.

Mtandao

Fupi. Ripoti zote zinaandikwa kwanza kwenye hifadhidata ndogo ndani ya simu (SQLite, hakuna haja ya kubuni chochote), kisha zinapanga foleni kwenda kwenye seva. Android haikubali kazi ya kujirudia chinichini kwa vipindi vya chini ya dakika 15, na tangu toleo la 6 la mwaka 2015 inazilaza programu simu ikikaa bila kuguswa. Kwa hiyo tunatuma pia kila askari anapofungua programu. Juu ya kila ripoti kuna neno moja: IPO HAPA au IMEFIKA. Tulikuwa na rangi na alama za duara. Askari wakauliza rangi ya chungwa maana yake nini. Tukaziondoa.

Mahali

Watu wanaamini nukta kwenye ramani kuliko inavyostahili. Uwanjani, mbingu ikiwa wazi, simu ya kawaida inakosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya majengo marefu mawimbi yanagonga kuta kwanza, na nukta inaruka barabara. Ndani ya jengo simu inaweza kukosa setilaiti kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo: inatoa mahali ilipopajua mara ya mwisho, bila kusema kuwa ni pa zamani. Kwenye jaribio letu la kwanza mjini, ripoti iliyoandikwa ghorofani ilidai imeandikwa kituoni, kwa sababu huko ndiko simu ilikoona anga kwa mara ya mwisho. Hebu fikiria wakili akiishika hiyo.

Bila intaneti hali inazidi kuwa ngumu. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, hutuma taarifa zao kwa biti 50 tu kwa sekunde, na maelezo ya njia ya kila setilaiti hurudiwa kila sekunde 30. Simu yenye intaneti huyachukua mtandaoni mara moja. Isiyo nayo inayasikiliza kutoka angani, na askari akipita chini ya paa katikati ya usikilizaji, inaanza tena.

Kwa hiyo nukta haiandikwi peke yake. Inaandikwa pamoja na upana wa kosa lake na muda uliopita tangu ipatikane. Ikiwa kuukuu, fomu inasema hivyo na kumtaka askari aeleze mahali kwa maneno: "mlango wa nyuma, ghorofa ya pili, karibu na ngazi". Maneno hayo tunayadai hata nukta ikiwa safi. Ramani haijui ghorofa.

Zamu ya usiku

Nimekaa nao kwenye gari la doria. Tulisimama penye giza, konstebo akafungua programu, na uso wake wote ukawaka mweupe kama dirisha la duka. Mwenzake akaufunika kioo kwa kofia kabla sijafungua mdomo. Si suala la kuonekana na watu wa nje tu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mmoja mkali unairudisha kazi hiyo mwanzo. Askari aliyetoka kusoma skrini nyeupe anaingia uchochoroni akiwa nusu kipofu.

Muundo wa usiku sasa ndio wa kawaida: mandharinyuma meusi, maandishi mekundu hafifu, na muundo wa mchana ndio unaochaguliwa. Vitufe vimekuzwa baada ya mvua, maana kioo chenye matone kinashika vidole ambavyo havipo. Kitufe cha NIMEFIKA kinafanya kazi pia kwa kubonyeza kitufe cha sauti cha pembeni mara mbili mfululizo, hata mwenye glavu.

Betri bado. Simu inayopiga picha na kusikiliza setilaiti haimalizi zamu ndefu. Chaja ya gari inasaidia wenye gari. Wa miguu tunawanunulia betri za akiba, na hizo zinahitaji mtu wa kuzichaji na kuzisaini. Nimemwandikia mkuu wa kituo.

Kufuta na kusahihisha

Kwenye karatasi, askari akikosea anapiga mstari mmoja juu ya neno, anaandika sahihi pembeni na kutia saini. Neno la kwanza linabaki linasomeka. Ni utaratibu wa zamani wenye akili nyingi, na programu nyingi za ofisini zimeuua kwa kitufe kimoja cha "hariri".

Tumeurudisha. Ripoti ikishahifadhiwa haibadiliki. Marekebisho ni ingizo jipya linaloning'inia chini ya lile la kwanza, lenye jina, saa na sababu. Kila ingizo linabeba alama ya SHA-256 ya ingizo lililolitangulia, kwa hiyo mtu akichomoa moja katikati, yote yanayofuata yanagoma kulingana. Kuna aliyependekeza tutumie mnyororo wa bloku (blockchain), yaani daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwa seva moja na mmiliki mmoja sioni sababu. Nakala ya alama ya mwisho ya kila siku, ikichapishwa na kufungiwa kwenye kabati la mtu asiye polisi, inafanya kazi hiyohiyo.

Usomaji nao unaandikwa. Wengine waliona ni kuzidisha, ila Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2016/680, yanayohusu data binafsi mikononi mwa polisi, yanadai mifumo itunze kumbukumbu za kukusanya, kubadilisha, kusoma, kutoa, kuunganisha na kufuta. Kusoma kumo. Jina la mwathirika wa ubakaji likivuja kituoni, swali la kwanza litakuwa nani aliifungua ripoti, na hatutaki jibu liwe "yeyote kati yetu".

Kikao na wakuu

Walipoona ramani, walitaka zaidi: nukta ya kila askari, muda wote, kwenye skrini kubwa ukutani. Nilikataa, na naandika hapa kwa nini, maana litarudi. Programu inashika mahali pale askari anapoigusa. Ikianza kumfuata hata anapokwenda msalani, simu zitasahauliwa kabatini, zitaisha chaji, zitadondoka majini, na ripoti tulizozifuata zitapotea pamoja nazo. Kama jeshi linataka kujua magari yako wapi kwa usalama wa askari, kuna vifaa vya magari kwa kazi hiyo, na kuna mjadala wake. Mkuu mmoja alisema, "Kijana, askari asiye na la kuficha ataogopa nini?" Koplo wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu kwa heshima zote: "Afande, na magari ya wakuu yatakuwa kwenye ramani?" Kikao kikahamia ajenda nyingine.

Rasimu kwa sauti

Kuna shinikizo la kuweka akili mnemba iandike ripoti. Mwaka 2024 kampuni ya Axon ilitoa Draft One, inayotengeneza rasimu ya ripoti kutokana na sauti ya kamera ya mwilini. Mwaka huohuo waendesha mashtaka wa King County, jimbo la Washington, wakawaambia polisi wao kwamba hawatapokea ripoti zilizoandikwa kwa msaada wa zana za namna hiyo. Hofu yao ninaielewa. Askari anaapa kwamba maneno ni yake; rasimu iliyoandikwa vizuri inasomeka kama kweli hata palipo na kosa, na mtu aliyechoka anaitia saini.

Sisi tunaruhusu kuamuru kwa sauti, yaani simu inaandika alichosema askari, neno kwa neno. Haifupishi wala hainyooshi. Rekodi ya sauti inahifadhiwa kando ya maandishi. Majina ya watu inayakosea sana, kwa hiyo hayo yanaandikwa kwa kidole.

Majibu ya kurudi

Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kurusha matangazo ya redio kwa magari ya doria. Redio hiyo ilikuwa ya upande mmoja: gari lilisikia, lisiweze kujibu. Mawasiliano ya pande mbili yalifika kwa polisi wa Bayonne, New Jersey, mwaka 1933. Nimekuwa nikilifikiria hilo kwa sababu programu yetu nayo ni ya upande mmoja, ila imegeuzwa: askari anasema, hasikii chochote. Anatuma ripoti, programu inaimeza, basi. Jalada lilifunguliwa? Gari lilipatikana? Wa zamu ile hatajua kamwe.

Nimeongeza ukurasa mmoja, "Ripoti zangu", unaoonyesha hatua ya kila moja: imepokelewa, ina mpelelezi, iko mahakamani, imefungwa na kwa sababu gani. Ni kazi ndogo kiufundi. Matokeo yake yamenishangaza. Maelezo yameanza kurefuka yenyewe, hasa kwa wale ambao ripoti zao zilirudishwa na mpelelezi zikiwa na swali. Konstebo mmoja aliona ripoti yake imefungwa kwa "mtuhumiwa hakutambulika". Kesho yake akaja kuuliza kama anaweza kuongeza sehemu ya kueleza kovu.

Ilipofika kazi

Zamu za majaribio haziandiki tena kitabu cha matukio kwa mkono. Kaunta inachapisha kurasa za siku kutoka kwenye seva, mkuu wa zamu anazisaini, zinafungwa kuwa kitabu. Daftari la mfukoni limebaki kwa hiari, na wanaolitumia wanalipiga picha ndani ya programu, ukurasa mzima pamoja na michoro. Mwanasheria anataka hivyo.

Jedwali la takwimu linajijaza, ingawa karani bado analijaza la kwake pembeni ili kulinganisha. Nimemwomba asiache hadi majedwali hayo mawili ya mwezi yalingane bila kutofautiana hata mstari mmoja.

Kilichobaki: kumfungulia mpelelezi mlango wa kutumia maelezo ya doria ndani ya jalada bila kuyachapa upya, kwani kwa sasa ananakili na kubandika, na hiyo bado ni kunakili. Simu iliyopotea inafutika kwa mbali ikiwa na mtandao tu. Isipokuwa nao tunategemea usimbaji fiche na nywila, na nywila za zamu hii nimezikuta zimeandikwa kwenye kipande cha plasta nyuma ya simu. Alama ya kidole itawashwa Jumatatu. Sajenti wa kaunta anataka pia tuzibe lile tundu la 09 na 90. Kuna hesabu ya Verhoeff ya mwaka 1969 inayolinasa, nimemwahidi kuiangalia.